Nyumba Yenye Pampu ya Moyo: Maandalizi kwa Familia za Kilosa na Mikumi

Mtu akiambiwa na daktari kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi, jamaa zake wengi hudhani moyo huo umesimama au u karibu kusimama. Sivyo. Moyo huo ungali unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha kukidhi mahitaji ya mwili. Maji hujikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Mgonjwa huchoka kwa kutembea hatua chache. Usiku hulazimika kulalia mito miwili au mitatu, kwa kuwa akilala chali pumzi humpaa. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427 na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba chanzo kikuu cha hali hii kwa wagonjwa hao kilikuwa shinikizo la juu la damu, lililowapata 45 kati ya kila 100, na kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Hao si vikongwe. Ni watu ambao bado wanalima, wanafanya biashara na kusomesha watoto.

Wengi wao hutibiwa kwa vidonge, na vidonge hivyo vikinywewa ipasavyo hurefusha maisha. Wachache, ambao vidonge havitoshi tena, huweza kupendekezewa pampu ya moyo. Pampu hii huwekwa na vituo vichache vyenye wataalamu maalumu, na kwa familia ya Kilosa au Mikumi jambo hilo kwa kawaida humaanisha safari ya mbali na gharama kubwa. Makala haya hayakusudii kumwambia mtu akubali au akatae. Yanahusu jambo ambalo aghalabu huulizwa kwa kuchelewa, yaani nyumba atakayorudi mgonjwa baada ya upasuaji. Pampu ikishawekwa kifuani, nusu ya kazi yake hufanywa na nyumba: umeme wake, watu wake na njia yake ya kufika hospitali.

Pampu yenyewe ni nini

Pampu ya aina ya HeartMate 3, iliyoidhinishwa nchini Marekani kuanzia mwaka 2017, ina uzito wa takriban gramu 200 na hushonewa kwenye ncha ya chini ya moyo. Huvuta damu kutoka chumba cha kushoto na kuisukuma kwenye mshipa mkuu, hadi lita 10 kwa dakika. Waya mmoja hutoka kwenye pampu, hupita chini ya ngozi na kutokea tumboni, kisha huungana na kisanduku kidogo kinachovaliwa kiunoni. Kisanduku hicho, ambacho hapa tutakiita kidhibiti, ndicho kinachoiongoza pampu na kupiga kengele kukiwa na hitilafu. Kidhibiti nacho hupata nguvu kutoka betri mbili zinazobebwa mwilini, au kutoka kifaa kilichochomekwa kwenye umeme wa nyumbani.

Faida yake ni ya kweli. Mwaka 2001 utafiti wa wagonjwa 129 mahututi ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja walikuwa hai 52 kati ya kila 100 waliowekewa pampu ya wakati ule, dhidi ya 25 kati ya kila 100 waliotegemea dawa pekee. Pampu zimeboreshwa tangu hapo: katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 58 kati ya kila 100 wenye HeartMate 3 walikuwa hai baada ya miaka 5. Msomaji ataona pia upande wa pili wa hesabu hiyo. Pampu haiponyi moyo, na haiondoi hatari ya kiharusi, ya kutokwa na damu, wala ya maambukizi pale waya unapotokea.

Umeme: si wingi wake bali kutokatika kwake

Familia nyingi huhofia kwamba mashine ya moyo itamaliza yuniti. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Pampu yenyewe hutumia wati chache tu, kama taa ndogo ya kisasa, na hata ukijumlisha kuchaji betri, matumizi ya siku nzima hayatarajiwi kufikia yuniti moja. Kwa nyumba iliyo katika kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, ambao bei yao imekuwa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, gharama hiyo haipiti ya vocha ya simu.

Shida ni saa ambayo umeme haupo. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani, na miezi iliyotangulia ilikuwa ya mgawo. Tangu hapo mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, imeanza kazi, na upungufu wa umeme umepungua sana. Hata hivyo umeme mwingi mtoni Rufiji haumsaidii mgonjwa wa Mikumi ikiwa nguzo imeangushwa na upepo mtaani kwake au transfoma imeungua.

Betri mbili za HeartMate 3, zikiwa mpya na zimejaa, huweza kuendesha pampu hadi saa 17. Betri hupungua uwezo kadiri zinavyozeeka, kwa hiyo familia isiihesabu saa ya kumi na saba kuwa ni haki yake. Ndani ya kidhibiti mna betri ya dharura inayodumu kama dakika 15. Hiyo ni ya kumwezesha mtu kubadilisha betri kuu au kurudisha waya uliochomoka, basi, isifanywe akiba. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani, ulizeni atapewa jozi ngapi za betri, na mkisikia jozi moja tu ya ziada, waelezeni wataalamu waziwazi kwamba mnaishi mahali ambapo umeme huweza kukatika mchana kutwa. Madaktari wa mji mkubwa ng'ambo hawawezi kulibuni jambo hilo wenyewe.

Kuna kanuni moja ambayo kila mtu wa nyumba hiyo, hata mtoto wa darasa la tano, hana budi kuijua: betri hubadilishwa moja baada ya nyingine. Ondoa moja, weka iliyojaa, hakikisha imeshika, ndipo uiguse ya pili. Anayezichomoa zote mbili kwa pamoja ameiachia pampu ile betri ya dharura pekee. Betri zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala karibu na jiko. Joto la Kilosa mwezi wa Novemba latosha kuziharibu.

Usiku mgonjwa hushauriwa kulala akiwa ameunganishwa na umeme wa nyumba, si betri, kwa sababu betri huweza kuisha yeye akiwa usingizini asisikie kengele. Umeme ukikatika usiku kidhibiti hupiga kengele, na lazima awepo mtu wa kuisikia na kumhamishia kwenye betri. Kwa hiyo betri zilizojaa ziwekwe mahali pa kufikiwa kwa mkono bila kuwasha taa, na tochi iwe kando yake. Mgonjwa mwenye pampu asilale peke yake nyumbani katika miezi ya mwanzo. Huo ndio ukweli, hata kama watoto wote wako Dar es Salaam.

Kuhusu soketi: muiteni fundi aliyesajiliwa apime kama nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halikuunganishwa na chochote. Watengenezaji husisitiza kwamba kifaa cha pampu kisichomekwe kwenye soketi inayozimwa kwa swichi, na sisi soketi zetu karibu zote zina swichi. Mwombeni fundi aweke isiyo na swichi, au walau ile swichi ifunikwe na kubandikwa gundi isiguswe. Ekstensheni ya kuchajia simu za wageni isitumike. Kadhalika msiunganishe chaja na jenereta au inveta ya sola kabla ya kukiuliza kituo kilichoweka pampu, kwani umeme usiotulia huweza kuiharibu. Sola iliyopimwa na kukubaliwa ni akiba nzuri mno, na kwa vijiji vilivyo mbali na njia kuu ya umeme huenda ikawa ndiyo tegemeo lenyewe.

Sasa LUKU. Mgonjwa asiishi kwa tokeni ya shilingi elfu moja moja. Mwezi Mei 2021 mfumo wa manunuzi wa LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wateja wengi walishindwa kununua umeme ilhali fedha wanazo mkononi. Tangu mwaka huohuo kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, hivyo anayenunua kiasi kidogo mwanzo wa mwezi huweza kupata yuniti chache kuliko alivyotarajia, au asipate kabisa. Wekeni ndani ya mita yuniti za wiki mbili zisizoguswa, na mtu mmoja apewe kazi ya kuziangalia kila Jumamosi. Wapangaji wanaochangia mita moja wazungumze na mwenye nyumba mapema. Ugomvi wa nani kamaliza umeme hauna nafasi katika nyumba hiyo. Ikiwezekana mgonjwa awe na mita yake.

Vilevile andikeni barua kwa ofisi ya TANESCO iliyo karibu nanyi, mkiambatanisha cheti cha daktari na namba ya mita, kueleza kwamba ndani ya nyumba hiyo yumo mtu anayeishi kwa mashine. Ombeni mjulishwe kwa simu kabla ya matengenezo yaliyopangwa. Barua haizuii radi kupiga transfoma. Lakini fundi wa zamu anayejua kwamba nyumba ile ina mgonjwa hupokea simu yenu kwa namna nyingine. Hifadhini nakala yenye mhuri wa mapokezi. Malalamiko yakifika kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA CCC, au EWURA yenyewe, nakala hiyo ndiyo ushahidi wenu.

Mgonjwa asiye na mapigo

Pampu hii husukuma damu mfululizo, haipigi kama moyo. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hawana mapigo yanayosikika kwenye kiwiko cha mkono, au mapigo yao ni hafifu sana. Mashine ya kawaida ya kupimia shinikizo la damu huweza kuandika kosa, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kutoa namba isiyoaminika. Hebu mfikirie muuguzi wa zahanati, peke yake zamu ya usiku, akiletewa mzee aliyezimia asiye na mapigo. Asipojua habari za pampu, anaweza kuwaambia jamaa kwamba mzee amekwishafariki.

Hili haliwezi kungoja siku ya dharura. Wiki ile ile mgonjwa anaporudi, apelekwe akiwa mzima kujitambulisha kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, kwa kadiri anavyoishi. Wauguzi wauone waya, waione betri, waweke stetoskopu kifuani wasikie mvumo wa pampu. Mvumo ukisikika pampu inafanya kazi. Mgonjwa aliyezimia hutazamwa rangi ya ngozi na pumzi, husikilizwa mvumo, huangaliwa kama waya zote zimeshika na betri zina nguvu. Kuhusu kumkandamiza kifua, familia ipate maelekezo ya maandishi kutoka kituo kilichoweka pampu, na karatasi hiyo iwekwe kwenye mfuko wa kidhibiti pamoja na jina la pampu, namba yake na simu za wataalamu. Mgonjwa avae pia kitambulisho shingoni au mkononi. Na asiingizwe kwenye kipimo cha MRI. Anayempeleka hospitali aliseme hilo mwenyewe bila kungoja kuulizwa.

Damu, waya na chakula

Mwenye pampu hunywa warfarini ili damu isigande ndani ya mashine. Dawa hii ina njia nyembamba: ikipungua damu huganda, ikizidi mgonjwa hutokwa na damu. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR, na kwa pampu hizi shabaha ya kawaida ni kati ya 2 na 3. Ulizeni, kabla ya safari ya upasuaji, ni maabara gani iliyo karibu itakayofanya kipimo hicho kila itakapohitajika, na vitendanishi vikiisha mtakwenda wapi. Jibu likiwa ni Morogoro mjini, hesabuni nauli na siku za kazi zitakazopotea. Likiwa ni Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, fikirini tena kwa utulivu kama safari hiyo itawezekana mara kwa mara.

Mboga za majani kama matembele, mchicha na kisamvu hupunguza nguvu ya warfarini. Wengine wakisikia hivyo huziacha kabisa. Si lazima. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwa sababu madhara hutokana na kubadilika ghafla. Hatari kubwa zaidi iko dukani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua kwa maumivu ya mgongo baada ya kulima, huongeza kutokwa na damu na kuzuia maji mwilini. Metronidazo na kotrimoksazo huipandisha nguvu ya warfarini. Basi kwenye duka la dawa muhimu mgonjwa aanze kwa kusema anatumia warfarini, ndipo aeleze kinachomsumbua. Na dawa za asili azipeleke kwanza mbele ya daktari.

Pale waya unapotokea tumboni ni mlango ulio wazi. Mwenye kuuhudumia anawe mikono kwa sabuni, abadilishe bandeji kama alivyofundishwa, na aufunge waya usivutwe. Wekundu, usaha, harufu au homa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mgonjwa haogelei, haingii mtoni wala bwawani, na haogi kwa maji ya kumwagia mpaka aruhusiwe na apewe mfuko wa kukinga vifaa.

Mizani ya kupimia uzito ni kifaa rahisi chenye faida kubwa, kwa mwenye pampu na kwa asiye nayo. Kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya chai, mgonjwa apande mizani na uzito uandikwe daftarini. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili au tatu, hayo ni maji, si unono. Chumvi ipunguzwe, dagaa na samaki wa chumvi, na nyama ya kuchoma inayonunuliwa vituoni kando ya barabara kuu, huleta chumvi nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Njia ya kutoka

Anayekaa Mikumi yuko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa, lakini akielekea Morogoro hana budi kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa, ambako magari hutakiwa kwenda polepole, hasa usiku. Anayekaa Kilosa ana stesheni ya reli ya kisasa, ambayo tangu katikati ya mwaka 2024 imefupisha mno safari ya Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam; ila treni ina ratiba, na dharura haina. Mvua nazo hazisahauliki. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli ya zamani bondeni Mkondoa na kuacha familia nyingi za Kilosa bila makazi, na Machi 2020 barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ilikatika Kiyegeya. Kwa hiyo familia iwe na njia mbili na dereva wawili waliokubali mapema kuitwa usiku. Katika masika makali, mgonjwa anayeishi ng'ambo ya mto asiokuwa na daraja la uhakika ahamie kwa ndugu mjini kwa wiki hizo. Kila safari, hata ya kwenda sokoni, abebe kidhibiti cha akiba na betri zilizojaa.

Maswali kabla ya kutia saini

Mwezi Juni 2021 kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu ya HeartWare, baada ya kuonekana kwamba ilihusishwa na viharusi vingi zaidi na kwamba mara nyingine ikisimama haikuwaka tena. Watu wapatao 4,000 duniani walikuwa nayo vifuani mwao siku hiyo. Hawakuitolewa wote, kwa maana upasuaji wenyewe una hatari. Waliendelea kufuatiliwa na vituo vyao. Aliyekuwa mbali na kituo ndiye aliyekuwa na la kuhofia. Kwa hiyo ulizeni: Pampu hii inaitwaje, na bado inatengenezwa? Kidhibiti kikiharibika, kingine kitatoka wapi na kwa siku ngapi? Nani analipia betri mpya zile za kwanza zikichakaa? Ni daktari gani hapa nchini aliyekubali, kwa jina lake, kumfuatilia mgonjwa huyu? Bima inafika wapi na inakomea wapi? Majibu yaandikwe. Vifaa vyovyote vya pampu visinunuliwe kwa watu binafsi au mitandaoni. Mashaka juu ya kifaa tiba hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Yapo pia maswali ambayo mgonjwa mwenyewe ayaulize angali na nguvu: ikiwa kiharusi kitamwondolea fahamu, ni nani atakayesema kwa niaba yake, na pampu itazimwa lini? Wazee wetu hawapendi kuyazungumza, nasi hatuwalaumu. Ila mke au binti aliyeachiwa uamuzi huo peke yake usiku wa manane huubeba miaka mingi.

Ikiwa baada ya maswali haya yote familia itaona kwamba umeme hautegemeki, kipimo cha INR hakipatikani na hakuna wa kulala chumba kimoja na mgonjwa, kuikataa pampu si kumtelekeza. Vidonge vinywewe kila siku bila kukosa, daftari la uzito liandikwe, shinikizo lipimwe, na tarehe ya kliniki isipite.